Aliyeambiwa Abaki

Bisibisi ilizama kwenye mbao mpaka kwenye mpini, na Fundi Siraj alipoichomoa ilikuwa na joto.

Aliigeuza mkononi, akaipangusa kwenye kanzu yake ya kazi, akampa Nuriya.

"Shika, dada."

Nuriya aliishika. Ilikuwa na joto kama kitu kilichotolewa kwapani mwa mtu mwenye homa. Upande ule wa roshani haukupata jua hata mara moja kwa mwaka, na asubuhi ilikuwa bado changa.

"Joto la Jidda hili," alisema.

"Huenda," alisema Siraj. Aliitia bisibisi mfukoni bila kumtazama.

Siraj na Nuriya walinyonya ziwa moja. Mama yake Siraj alimnyonyesha Nuriya wakati mama yake mzazi alipougua, kwa hiyo walikuwa ndugu kwa sheria ya dini, na Siraj aliingia nyumba ile bila kupiga hodi mara mbili. Bila hivyo ingekuwa vigumu, kwa sababu Nuriya alikuwa amekaa eda. Bakr, mumewe, alifariki mwezi mmoja na nusu uliopita, na mjane hatoki nyumbani mwake mpaka imalizike miezi minne na siku kumi. Kazi ya roshani ilikuwa haiwezi kungoja hata nusu ya muda huo. Wiki iliyopita kipande cha mbao chenye urefu wa mkono kilidondoka kichochoroni, karibu na kapu la mama muuza nanaa, na siku ya pili ililetwa barua ya baraza la mji: iimarishwe, au itabomolewa.

Ilikuwa roshani ya msaji, imetokeza ukutani kwenye ghorofa ya pili, na madirisha yake ya vijiti vilivyosukwa kama mkeka. Babu yake Bakr aliijenga. Bakr alikaa humo kila siku baada ya Alasiri kwa miaka thelathini na miwili, mgongo kwenye mto, finjani ya kahawa pajani, akikohoa kile kikohozi chake kifupi cha mara mbili na kuwatania wapita njia. Kila mwaka kabla ya Ramadhani aliipaka rangi ya mafuta.

"Rangi ndiyo iliyoiua," alisema Siraj, akigonga mihimili kwa mpini wa nyundo na kusikiliza. "Mungu amrehemu shemeji, alikuwa mtu wa kila jambo ila mbao. Mbao ya hapa inakunywa unyevu wa bahari usiku, mchana inautoa. Wewe ukiifunga kwa rangi, itautolea wapi? Inaoza kimya kimya na usoni inang'aa."

"Kama mabwana harusi wa siku hizi," alisema Rajaa kutoka mlangoni. Alikuwa na begi begani, anakwenda shule aliyokuwa akifundisha. Ndiye mtoto pekee wa Nuriya aliye hai, ana miaka ishirini na sita.

"Nenda kazini, wewe mtoto. Ulimi huo ndio unaokimbiza wachumba."

"Mjomba, umekuja kutengeneza au kubomoa?"

"Leo sifanyi lolote. Leo natoa notisi."

Akaeleza, huku akiona haya kidogo. Baba yake hakuwahi kutia patasi kwenye roshani ya zamani bila kuwapa siku tatu wanaokaa humo. Ni kama Mtume alivyofundisha, nyoka wa nyumbani aonywe siku tatu kabla hajauawa, maana huenda si nyoka bali jini. Mbao iliyokaa miaka mia haikosi mwenyewe.

"Na hao wapangaji kodi wanamlipa nani?" aliuliza Rajaa.

"Muulize mama yako. Yeye ndiye mwenye nyumba sasa."

Siraj alisimama katikati ya roshani, akavua kofia, akaivaa tena. Akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na majirani: "Enyi mnaokaa hapa, kama mpo. Tunakuombeni kwa jina la Mwenyezi Mungu mtoke kwa amani. Tunakupeni siku tatu."

Hapakuwa na kitu. Chini watu walikuwa wakigombana juu ya maegesho. Siraj akakusanya vyombo vyake na kwenda.

Siku ya kwanza ikapita, na ya pili. Siku ya tatu Rajaa alichelewa shuleni. Nuriya aliswali Alasiri sebuleni, akabaki kwenye msala na tasbihi mkononi. Mlango wa roshani ulikuwa wazi nusu. Akasikia mto ukibonyea, kama unavyobonyea mtu mzito anapoketi polepole kwa ajili ya magoti yake. Kisha kikohozi. Mara mbili, kifupi.

Tasbihi ilisimama.

"Nuriya," ilisema sauti ya Bakr kutoka nyuma ya mlango, sauti yake hasa, yenye mkwaruzo kidogo kwenye herufi ya mwisho. "Nuriya, wananitoa."

Alikuwa mwanamke anayejua dini yake. Alijua kuwa maiti hakai kwenye mto wala hagombei roshani. Kama angesikia habari hii kwa jirani, angemwambia asome Ayatul Kursiyu na kuufunga mlango. Lakini zilikuwa siku arobaini na nane hajaisikia sauti ile, na alikuwa amekaa eda katika nyumba yenye vyumba tisa, na sauti ilikuwa na huzuni, kama ya mtu aliyeambiwa afungashe virago uzeeni.

"Usitoke," alisema. "Kaa. Nyumba ni yako."

Siraj alianza kazi kesho yake. Aliikwangua rangi, tabaka baada ya tabaka, akakata mbao iliyooza mpaka akaikuta nzima, ile inayolia ko, ko ukiigonga. Akaunga vipande vipya vya msaji, ulimi kwenye tundu, gundi na vigingi, bila msumari hata mmoja, maana msumari hushika kutu na kutu hula mbao. Jioni aliita watu wote waone. Viungo vilifunga hata unywele haupiti.

Asubuhi vipande vyote vipya vilikuwa vyeusi. Alivibonyeza kwa kidole na kidole kikazama.

"Msaji gani huu uliouziwa, mjomba?" aliuliza Rajaa. "Au ni mkate wa juzi?"

Siraj hakucheka. Alikata tena, mbele zaidi, mpaka kwenye mbao inayolia. Akaunga. Asubuhi uozo ulikuwa umepita kiungo na kwenda mbele shubiri nzima. Akakata tena. Wiki ya pili hakuna kitu kilichobaki cha roshani ila mifupa, na uozo ulikuwa umeshika fremu ya dirisha la sebule, unaelekea chumba cha Rajaa. Nyumba nzima ilinuka kama kisima kilichofunguliwa baada ya miaka mingi.

"Mbao haiozi hivi," alimwambia Nuriya kwa sauti ya chini. "Mimi nimekata mbao miaka arobaini. Mbao inaoza kwa miaka, dada. Hii inakimbia. Inajua ninapokwenda."

Nuriya alitazama pembeni. Kila siku baada ya Alasiri, Siraj akishaondoka, alipeleka kahawa kwenye ile mifupa ya roshani, akaketi upande wa ndani wa mlango, yeye na sauti ile wakazungumza. Walizungumza mambo madogo. Jirani fulani, bei ya samaki, mvua ya mwaka ule ilipofurika barabara. Kahawa aliikuta imepungua. Alikuwa ameanza kula vizuri. Rajaa alimsikia akiimba jikoni, akafurahi, akadhani ni subira.

Rajaa mwenyewe ndiye aliyeanza kupungua. Kwanza alisema shuka zake zina maji. Kisha ncha za vidole vyake zikakunjamana, kama za mtu aliyefua mchana kutwa, na zikabaki hivyo. Akaanza kupumua kwa shida. Hospitali wakampiga picha ya mapafu, wakasema ni safi, abadilishe hewa. Siraj akampeleka kwa shangazi wa Rajaa, upande wa majengo mapya wenye viyoyozi. Usiku wa pili ubavu wa kitanda alicholalia, kitanda kipya cha dukani, ulikatika chini yake, na ndani yake ulikuwa mweusi na umelowa. Shangazi akamrudisha mwenyewe, hakupanda hata ngazi.

Siku hiyo Alasiri, sauti ilisema: "Huyu mtoto anaumwa na joto. Mlaze huku kwangu. Huku kuna upepo."

Nuriya aliweka finjani chini. Roshani haikuwa na sakafu tena. Siraj alikuwa ameing'oa. Penye mto wa Bakr palikuwa na tundu tupu, na chini yake ghorofa mbili za hewa na mawe ya kichochoro.

"Bakr," alisema, "huko hakuna pa kulala."

"Mlete tu," ilisema sauti kwa upole. "Mimi nitampokea."

Ndipo alipomwambia Siraj yote. Alimwambia akiwa amejifunika uso kwa ushungi kama mtoto mwenye kosa. Siraj alikaa chini kwenye ngazi.

"Mimi nimewaambia tokeni," alisema, "na wewe ukasema kaa. Dada yangu. Watu wanakataa kunipa hela yangu, wanakataa rangi, wanakataa ukubwa wa dirisha. Hakuna mtu aliyewahi kuikataa notisi ile. Baba yangu hakuniambia la kufanya, kwa sababu halijawahi kutokea."

Walimwita Sheikh Adnan wa msikiti wa mtaani, mzee mnene aliyepanda ngazi akilalamikia kila kidato. Alisoma juu ya Rajaa saa nzima, akasoma juu ya maji, akasoma mbele ya roshani mpaka sauti ikamkauka. Mwishoni alimuuliza Nuriya mambo mawili matatu, akatikisa kichwa.

"Angekuwa ameingia kwa wizi, kisomo kingemtoa. Huyu, mwenye nyumba amemwambia kaa. Nikimfukuza mimi ananicheka, ananionyesha ruhusa yake. Itabidi umtoe wewe, mama. Kwa maneno yale yale, siku tatu, siku tatu kamili. Wala usimwite kwa jina la mumeo."

"Na kama ni yeye, sheikh?"

Sheikh Adnan alimtazama kwa huruma. Na yeye alikuwa mgane, aliyefiwa na mkewe. "Si yeye, binti yangu. Mumeo yuko kwa Mola wake. Laiti ingekuwa kwamba wanarudi."

Siku ya kwanza, baada ya Alasiri, Nuriya alisimama mlangoni. Nyuma yake alimsikia Rajaa akivuta pumzi, pumzi yenye maji ndani yake. Akasema maneno. Kwa jina la Mwenyezi Mungu utoke. Nakupa siku tatu.

"Nimekukosea nini?" iliuliza sauti.

Nuriya alirudi ndani akambadilishia Rajaa shuka iliyolowa.

Siku ya pili alisema tena, na sauti haikuomba, ilianza tu kuzungumza, taratibu, kama walivyokuwa wakizungumza wawili kitandani zamani, ikazungumza habari za mtoto wao wa kwanza, yule aliyezaliwa akiwa amekufa mwaka waliohamia juu, ambaye Bakr alimzika mwenyewe na kurudi na udongo chini ya kucha, na ambaye wao wawili, bila kumwambia mama wala mkunga wala kiumbe chochote, walimpa jina gizani, wakalitamka mara moja tu, na wasilitamke tena mpaka Bakr anakufa. Na sauti ikalitamka jina lile, Asaad, ikalitamka kama vile Bakr alivyolitamka, ikiwa na kamasi ya kilio ndani yake, na Nuriya akajikuta ameshika fremu iliyooza kwa mikono miwili na mbao inapita kati ya vidole vyake kama uji, na mguu wake mmoja uko mbele, hewani, juu ya kichochoro.

Siraj ndiye aliyemvuta nyuma kwa ushungi. Wote wawili walianguka.

"Lile jina," alisema Nuriya. "Siraj, amejuaje lile jina?"

"Sijui, dada."

"Basi nitamtoaje? Niambie wewe. Nitamtoaje anayelijua lile jina?"

Siraj alikuwa analia.

Siku ya tatu Rajaa hakuweza kusimama. Midomo yake ilikuwa ya kijivu, na walipomgeuza, godoro lilitoa maji chini ya mgongo wake, na maji yale yalikuwa vuguvugu. Miguu ya kitanda ilikuwa imeoza, wakakilaza kitanda chini. Adhana ya Alasiri ilipoisha Nuriya aliswali, na hakukumbuka ni rakaa ngapi, akaswali tena. Kisha akaenda mlangoni.

Safari hii ilikuwa kimya. Alisimama akingoja ikohoe, na haikukohoa, na kimya kile kilikuwa kizito kuliko maneno, kwa sababu alijua imekaa pale, inamtazama, imeshika mikono yake pajani kama Bakr alivyoshika alipokuwa amekasirika na hataki kusema, na alijua kuwa akilisema neno lile sasa hatakuwa na mtu wa kumwambia habari za jirani wala za samaki mpaka siku yake ya kufa, na kwamba kwa mara ya pili mumewe atatoka nyumba hii, na mara ya kwanza ilikuwa kwa amri ya Mungu, nayo hii ni kwa amri yake mwenyewe.

"Mama," aliita Rajaa kutoka chumbani. Hakikuwa kilio. Ilikuwa pumzi tu.

"Kwa jina la Mwenyezi Mungu," alisema Nuriya, "toka."

"Nikitoka," ilisema sauti, bila hasira, "natoka na changu."

"Chukua. Chukua unachotaka. Mwanangu niachie. Toka."

Mbao zote za nyumba zililia kwa pamoja, milango, dari, ngazi, sauti moja ndefu kama ya mtu anayeshusha mzigo. Maji yalichuruzika ukutani mpaka kichochoroni, watu wa chini wakapiga kelele wakidhani bomba limepasuka. Halafu ukaja upepo wa kawaida wa jioni, wenye harufu ya bahari na mafuta ya kukaangia.

Rajaa alilala siku nzima na usiku. Alipoamka aliomba maharage na mkate.

Siraj alianza upya. Safari hii viungo vilishika. Aliikamilisha roshani wiki mbili kabla ya eda kumalizika, akaipaka mafuta mepesi yanayoiacha mbao ipumue, akakataza rangi kwa kiapo. Ilikuwa nzuri. Watu walisimama kichochoroni kuitazama. Rajaa alirudi shuleni, na vidole vyake vilikuwa laini tena.

Nuriya alitazama kila chumba kama kuna kilichoibwa. Dhahabu ilikuwepo. Saa ya Bakr ilikuwepo, viatu vyake, miwani yake. Akamshukuru Mungu, akadhani vilikuwa vitisho tu.

Ilikuwa siku ya mwisho ya eda. Jioni wanawake wangekuja, na kesho angetoka kwenda kulizuru kaburi, ikiwa walinzi wa makaburi wangemruhusu. Alikaa na Siraj na Rajaa wakinywa kahawa, wakamtaja marehemu, na Nuriya akataka kueleza jinsi alivyokuwa akimtania muuza nanaa. Akafungua mdomo amwigize.

Hakuna kilichokuja. Maneno aliyakumbuka. Uso wake aliuona, midomo ikicheza. Lakini ilikuwa kama kumtazama mtu nyuma ya kioo.

"Siraj," alisema. "Alikuwa anaongea vipi?"

"Nani? Shemeji?" Siraj alitabasamu, akavuta pumzi, na tabasamu likabaki pale bila kazi. Alifumba mdomo. Akajaribu tena. "Alikuwa..." alisema. "Ajabu. Niliongea naye miaka thelathini."

Rajaa alikuwa ameshatoa simu. Baba yake alimtumia ujumbe wa sauti kila siku alipokuwa hospitali, ishirini na tatu kwa jumla, na hakuufuta hata mmoja. Hakuwa ameweza kuusikiliza tangu mazishi. Akaubonyeza wa kwanza.

Ilisikika mashine ya hospitali ikilia polepole. Ilisikika toroli ikipita. Nesi alisema, "Mzee, usiongee sana," na kisha pakawa kimya, kimya safi, sekunde kumi na moja, kisha nesi akacheka kwa kitu alichoambiwa. Rajaa akabonyeza wa pili. Televisheni, mlango, kimya. Wa tatu. Adhana kwa mbali, kimya. Katika kila ujumbe kila kitu kilikuwepo, na pale Bakr alipokuwa amesema palikuwa pamekatwa vizuri mpaka kwenye ukingo, kama fundi anavyokata mbao asiache hata uzi.

Walizisikiliza zote ishirini na tatu. Siraj aliinama, kichwa mikononi.

"Rajaa," alisema Nuriya. Alisema taratibu, kama anayeuliza njia. "Siku ya Kiama, watu wakiwa wengi kiasi kile, na kila mtu ana lake. Akiniita kwa nyuma, nitajuaje kuwa ni yeye?"

Chini wanawake walikuwa wameanza kupanda ngazi, wakitoa salamu. Rajaa alifuta uso, akarudi kwenye ujumbe wa kwanza, akaubonyeza tena, akaweka simu sikioni mwa mama yake, azisikilize zile sekunde kumi na moja.